Leso Kwenye Kiti cha Punda

Vijana wangu wa karakana, mimi nimechomelea vyuma vingi katika maisha haya. Vikipangwa mwisho kwa mwisho vitatoka Kikima mpaka mwezini, na kipande kitakachobaki kitatosha kutengeneza lango la kanisa. Msiniulize nani alipima. Macho yangu mekundu ndiyo mashahidi.

Sasa nimestaafu. Niko hapa nyumbani karibu na soko la Mbumbuni, na kila asubuhi nasikia msumeno wenu wa umeme ukilia ng'ambo ya barabara. Mkono wangu wa kulia huamka kabla yangu. Mke wangu anasema kwamba nikilala naligonga blanketi kama nanyoosha bati. Yeye hupenda kuongeza chumvi, tabia ambayo mimi sina kabisa.

Juzi watatu kati yenu mlinisukumia mpaka uani ile mashine yenu ya kupura ndengu. Rangi safi, gurudumu linazunguka bila kulia. Mkaniuliza, "Mzee, unaionaje?" Nikaizunguka mara mbili. Nikauliza, "Nani ataitumia?"

"Wakulima."

"Wakulima gani?"

"Wakulima wote, mzee."

Nikakaa kwenye kigogo, nanyi mkadhani nimechoka na jua. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimekumbuka Kyuso, na mtu akishakumbuka Kyuso hawezi kuinuka upesi. Nimeamua kuyaandika kwa sababu nikiyasema mtaniambia "sawa mzee" kabla sijafika katikati.

Kuandika kwenyewe nimejifunza ukubwani. Niliingia ngumbaru nikiwa na ndevu, nikakaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakagusa masikio. Mchana nachomelea, jioni nasoma. Cheti nilichopata nilikitengenezea fremu ya chuma mimi mwenyewe, na siku nilipoitundika ukuta ulipata ufa. Ufa uko mpaka leo, njooni mwone. Mwalimu wetu alikuwa binti mdogo mwenye sauti kubwa, na katika somo la biashara alitwambia, "Usitengeneze kitu ndipo utafute mtu wa kukitumia. Mtafute mtu kwanza." Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari mara mbili kwa rula, nikasahau kuelewa.

Kazi nilifundishwa na Mzee Nzioka, pale Kikima, kwenye kibanda chake cha mabati kilichokuwa kimeinamia upande wa mteremko kama mtu anayesikiliza siri. Mzee Nzioka alikuwa na desturi ambayo sisi vijana wake tuliicheka. Mama akija kuagiza jiko, mzee hamwonyeshi chuma. Anamwambia achuchumae palepale mbele ya watu, ajifanye anakoroga ugali. Kisha anapima kwa kamba kutoka mkono wa mama mpaka chini. Akija mtu wa kutaka kitanda, anamuuliza analala akiwa amekunja miguu au ameinyoosha, na kama ana mke, mke analala upande gani. Mambo ya aibu! "Pima mtu kabla ya kupima chuma," alikuwa akisema. Mimi nilidhani anachelewesha kazi kwa sababu mikono yake imezeeka.

Basi nikapata wazo langu. Wenye malori waliokuja Kikima kununua kabeji na viazi walikuwa wakisimulia kwamba kule Kyuso maji yako mbali, yanachimbwa mchangani katikati ya mto uliokauka, na yanabebwa na punda. Nikasema, watu hawa wanataka kitu kipya. Na nitawatengenezea mimi.

Nikafunga safari na daftari langu la ngumbaru. Siku ya soko nikasimama kwenye uwanja wa mbuzi nikaanza kuuliza maswali kama mwalimu alivyofundisha. "Nyumbani kwenu maji mnayaleta vipi? Shida yenu ni nini?" Lo, nilijibiwa! Wanaume walinizunguka kama nagawa tumbaku. Mmoja alijibu mara tatu, kila mara akibadilisha jina. Wote neno moja: mkokoteni. Tutengenezee mkokoteni wenye magurudumu ya gari, tumalize kazi hii ya punda kutembea na mitungi mgongoni.

Nikaandika kurasa nne. Sikuona jambo moja dogo. Kati ya wale waliojibu, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika mtungi wa maji tangu aoe. Siku ya soko wanaume wako sokoni na mbuzi. Walio mtoni na punda ni wanawake. Nilikuwa nimewauliza watu kuhusu kiatu ambacho hawakivai.

Mkokoteni ukaundwa. Mzee Nzioka aliutazama akauliza, "Aliyechuchumaa ni nani?" Nikamwonyesha kurasa nne. Akatikisa kichwa, akarudi kwa jiko lake.

Kule Kikima ardhi ni ngumu, ukiangusha jembe linaruka. Mkokoteni ulishuka mlimani mbio ukanipita mimi niliyeutengeneza. Lakini mto wa Kyuso ni mchanga, vijana, mchanga mweupe wa kuzama mpaka kifundo. Tuliuteremsha kingo, gurudumu likaingia, tukaweka mitungi, likaingia zaidi, na baada ya hatua tatu mkokoteni ulikuwa umepandwa pale kama mche. Punda aligeuza shingo akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi kwa dharau, wakiwemo wakwe zangu, lakini sijawahi kutazamwa vile.

Mwenye punda alikuwa Mama Mwikali. Mwanamke mwembamba, mrefu, leso kiunoni, mikono yenye mishipa kama kamba. Mumewe alikuwa kibarua mbali, akija nyumbani Krismasi kama wengine. Punda wake alimwita Karani, kwa sababu alipenda kusimama akitazama wengine wakifanya kazi. Mama Mwikali alinisaidia kuuchimbua mkokoteni kwa mikono yake, mpaka gurudumu la mwisho likatoka. Halafu akapangusa mchanga akasema, "Ni nzuri sana, fundi."

Nami nikaamini! Nikarudi mjini nikipiga mluzi.

Nilikuwa nalala kwenye stoo ya Abdi. Abdi alikuwa na duka na lori, familia yake ilitoka kaskazini mashariki lakini yeye alizaliwa hapohapo, na Kikamba chake kilikuwa kinyoofu kuliko changu. Nilipomwambia mkokoteni umesifiwa alicheka mpaka akashika gunia la sukari asianguke.

"Waryaa, fundi, umekaa hapa siku ngapi?"

"Nne."

"Siku nne na hujui? Hapa mgeni haambiwi kitu chake ni kibaya. Mgeni akileta jiwe, anaambiwa jiwe ni tamu. Ukisikia 'nzuri sana', funga mizigo."

"Sasa nitaujuaje ukweli?"

"Usiulize kama ni nzuri. Uliza ubaya wake ni nini. Na usiulize ukiwa umesimama na kalamu. Uliza mkono wako ukiwa kwenye kazi yake."

Haya maneno ya mwenye duka ndiyo yaliyonifundisha kazi. Lakini sikuyashika siku hiyohiyo, maana kichwa changu kilikuwa kimechomelewa pande zote. Nilirudi Kikima nikatengeneza kitu cha pili, kiti cha punda cha chuma kitupu, cha kubeba mitungi minne, kimepakwa rangi nyekundu. Kilikuwa na nguvu kiasi kwamba tembo angekikalia angeomba msamaha. Nikampelekea Mama Mwikali akijaribu. "Ni nzuri sana, fundi."

Baada ya wiki kadhaa nikarudi. Nikakikuta nyuma ya jikoni. Juu yake kuku watatu na jogoo wamelala kwa raha, kila mmoja na nafasi yake, kama wabunge. Mama Mwikali aliona haya kuliko mimi. Alianza kuwafukuza kwa leso, akisema eti wamepanda leo tu. Lakini rangi yangu nyekundu haikuonekana tena kwa mavi ya kuku.

Nilipompa Mzee Nzioka habari hizo hakucheka. Aliuliza kwa heshima zote, "Kuku wamekipenda?"

"Wamekipenda, mzee."

"Basi mteja umempata. Sasa rudi ukamtafute yule mwingine."

Ndipo nikaenda Kyuso bila daftari. Nikamwambia Mama Mwikali, "Kesho naenda nawe mtoni. Sina kitu cha kukuonyesha. Nitachota tu." Akanitazama kama nimesema nitazaa. Mwanaume wa kuchota maji mchangani, tena fundi mwenye cheti! Wanawake wengine njiani walinizomea mpaka masikio yakawaka. "Mama Mwikali, umeajiri?" "Anakula nini huyu, nyasi au muthokoi?" Mmoja akaomba, "Akimaliza kwako, apitie kwangu."

Mngejua kazi ile, vijana. Unachimba mchanga mpaka shimo linakufika kifuani, maji yanajikusanya chini taratibu kama machozi ya mtu mgumu, unachota kwa kikombe, unamimina mtungini. Kikombe, kikombe, kikombe. Mgongo wangu ulilia kwa lugha zote, pamoja na Kiingereza nilichokuwa sijakifikia darasani. Na pale ndani ya shimo, nikimpandishia kikombe, sikumtazama usoni. Nikauliza, "Kile kiti changu, ubaya wake ni nini?"

Akamimina mtungini. Kikombe kimoja, cha pili. Halafu akasema polepole, "Ubaya wake, fundi, ni kwamba kinataka watu wawili."

"Watu wawili wa nini?"

"Toka shimoni uone."

Mitungi ilikuwa imejaa. Akaukumbatia mmoja, akauinua mpaka upande wa kushoto wa Karani. Kiti chake cha zamani cha mbao kikageuka chote kikateleza kuelekea kushoto, mbao zikamkwaruza punda uti wa mgongo. Ndipo nikaona kidonda. Kilikuwa kikubwa kama kiganja, chekundu, kimepakwa majivu. Nzi walikuwa hapo kama wanakutana.

"Mzigo wa punda unapandishwa pande mbili kwa mara moja," akasema. "Mmoja huku, mwenzako kule. Nilikuwa nakuja na wifi yangu. Wifi amemfuata mumewe mjini. Sasa nakaa hapa na mitungi iliyojaa nikimngoja mtu yeyote apite anishikie upande mmoja. Jana nilifika jua likiwa pale." Akaonyesha juu ya miti ya mashariki. "Nikaondoka likiwa pale." Akaonyesha magharibi. "Watoto nyumbani hawajanywa kitu. Nikisema nipakie peke yangu, kiti kinamchuna huyu. Na wewe umeniletea chuma kizito, fundi, kikipigwa na jua kinachoma, kikiteleza kinakata. Ningekiweka tena juu ya kidonda hiki?"

Nilishika upande wa pili, tukapakia. Akaanza kumpapasa Karani shingoni. Ndipo akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Huyu akianguka, mimi ndiye punda."

Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayekuambia kesho ni Jumanne. Nilijua maana yake. Ni ukanda kichwani, mtungi wa lita ishirini mgongoni, safari mbili kwa siku, kiangazi chote. Na kiangazi kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kukaza.

Kabla hatujaondoka alichukua mti mmoja wenye panda uliokuwa umelala kando ya shimo. Akaniambia kuna siku hujaribu kuuegemeza chini ya mtungi wa kwanza, ushikilie uzito mpaka apakie wa pili. "Lakini huyu Karani akihamisha mguu mmoja, mti unaanguka, kila kitu kinaanguka."

Nikauchukua ule mti mikononi mwangu. Kitu chote nilichokuwa nakitafuta kilikuwa hapo, kimekatwa kwa panga. Mwenye shida alikuwa amekwisha kukianza, ila alikosa mtu wa kukimalizia.

Sitawadanganya kwamba nilitengeneza kesho yake. Nilikaa kwenye stoo ya Abdi wiki tatu, nikiazima nyundo huku na moto kule, nikijua kila siku ninayokosea kuna mtu anangoja mtoni. Niliacha chuma kizito. Nikachukua mbao nyepesi, nikatia chuma kwenye viungo tu, na chini nikashona mito miwili ya gunia iliyojazwa nyasi, ikae pande mbili za uti wa mgongo ili kidonda kipumue. Halafu nikatengeneza mguu. Mguu mmoja wa chuma chembamba, umefungwa kwa bawaba upande wa kushoto, unateremka mpaka chini kushikilia mzigo wa kwanza. Ukimaliza kupakia, unaukunja juu na kuufunga kwa kulabu.

Siku ya kwanza mguu ulizama mchangani kama sindano kwenye siagi. Abdi, aliyekuwa amekuja kutazama akiwa na kikoi na mwavuli, akacheka tena. "Kwetu ngamia hupiga magoti apakiwe. Punda hampigii mtu magoti. Sasa umempa mguu wa tano, na hukumpa kiatu. Umewahi kuona unyayo wa ngamia, fundi? Mpana!" Nikaenda nikakata bati nene upana wa kiganja, nikalichomelea chini ya mguu. Likakaa juu ya mchanga bila kuzama.

Siku ya pili nilikuwa nimefunga bawaba ikitazama upande usiofaa. Karani alipoamua kutembea kabla ya kuruhusiwa, mguu ulikataa kukunjika ukajikita, naye akauzunguka kama mshale wa saa, mitungi ikimwagika, wanawake wakikimbia. Mama Mwikali alikaa chini mchangani akacheka mpaka leso ikafunguka. Sikuwa nimemsikia akicheka kabla ya hapo. "Ubaya wake, fundi!" akaita, "ubaya wake ni kwamba unacheza dansi!" Siku hiyo nilijua tumefika karibu, maana hakusema ni nzuri.

Nikageuza bawaba, ili punda akisonga mbele mguu ujikokote nyuma wenyewe bila kushindana naye. Jambo dogo la nukta nne za moto. Mkishika moja tu kati ya haya ninayoandika, shikeni hilo. Kitu kinachomtumikia mtu au mnyama kisishindane na mwendo wake.

Siku ya tatu hatukumwita mtu. Mama Mwikali akateremsha mguu. Akakumbatia mtungi wa kushoto, akautundika. Kiti kilitulia. Karani akahamisha miguu, kiti kikatulia. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu wifi yake aondoke. Akamzunguka punda kwa miguu yake mwenyewe, pole pole, mkono ukipapasa mgongo, akafika upande wa kulia mahali pa mtu wa pili. Akauinua mtungi, akautundika. Akakunja mguu, akafunga kulabu.

Nilikuwa nimenyoosha mikono tayari kusaidia. Ikabaki hewani haina kazi.

Hakusema asante. Alisema, "Haya Karani, twende," wakapanda kingo. Mimi nikabaki katikati ya mto ule mkavu na mikono yangu mitupu. Nimekula harusi nyingi, nimepokea cheti mbele ya mgeni wa heshima, lakini nikiulizwa furaha ni nini nitasema ni mikono iliyonyooshwa ikakosa kazi.

Kidonda kilipona kabla mvua hazijanyesha. Karani alinenepa akawa na kiburi cha karani wa kweli.

Viti vikatakiwa. Kyuso kwanza, halafu kwingineko Kitui, halafu vikavuka mpaka vikaja Makueni, hapa Mbumbuni. Lori la Abdi lilivibeba kwa wingi mpaka punda wote wa Ukambani wakawa na miguu mitano. Nikahamia hapa nikafungua karakana yangu, nikaajiri watu. Mzee Nzioka alikuja mara moja kabla mwili haujamkatalia. Alishika kiti, akakigeuza, akauliza lile swali lake, "Aliyechuchumaa ni nani?" Nikamwambia, "Mama Mwikali." Akakiweka chini kwa uangalifu, kama anavyowekwa mtoto aliyelala.

Na kuna jambo nililokuwa najivunia kuliko yote. Kila kiti nilichokutana nacho njiani, kila kimoja, kilikuwa kimefungwa kipande cha leso palepale kwenye kulabu. Chekundu, cha kijani, cha maua. Niliwaambia vijana wangu, na wengine wenu nimewaambia kwa mdomo huu huu, "Mnaona? Wanawake wanakipamba. Mteja akianza kukipamba kitu chenu, mjue mmefika." Nimefundisha somo hilo miaka mingi. Nililitia chumvi pia, nikasema kuna waliokishonea maua ya bibi arusi.

Halafu maji yakaanza kuja yenyewe. Visima vya mitambo vikachimbwa, matangi yakajengwa, vioski vya maji vikafunguliwa, na pale bomba lisipofika, bodaboda inafika na mitungi sita imefungwa kama ndizi. Ni jambo jema na nimelishukuru kanisani kwa sauti. Lakini kiti cha mwisho nilikitengeneza bila kujua ni cha mwisho. Hakuna aliyeniambia. Nilikipiga rangi, nikakiegemeza ukutani kikauke, na hakuna mtu aliyekuja.

Tangu hapo kuna saa za mchana, jua likiwa kali, nafsi yangu inatoka hapa inakwenda zake. Inatamani ule mchanga wa moto. Inatamani kuzomewa na wanawake wa Kyuso. Inatamani sauti kutoka juu ya shimo ikisema, "Ubaya wake, fundi." Hapa Mbumbuni nikitengeneza hata kigoda cha miguu mitatu chenye miguu miwili, naambiwa, "Nzuri sana, mzee." Nimezeeka nikawa mgeni kwa kila mtu.

Mwaka jana nikashindwa kuvumilia, nikaenda. Dukani nikawakuta wana wa Abdi. Baba yao ametangulia, Mungu amrehemu. Wakanionyesha njia kama siijui. Mama Mwikali sasa ni susu, wajukuu wamejaa uani, na bomba la maji liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Karani alikwisha kufa zamani kwa uzee, kitandani kwake, kama mzee wa kanisa. Tukanywa chai. Tukamcheka Karani, tukamcheka Abdi na mwavuli wake. Jikoni nikaona kiti chetu kimetundikwa ukutani, kile cha kwanza kabisa, na kwenye kulabu kipande cha leso kilichofifia hata ua lake halijulikani.

Nikasema kwa majivuno, "Naona pambo lako bado lipo."

"Pambo gani?"

"Hiyo leso."

Alinitazama. Alikuwa amejifunza kwa Karani. Akainuka, akakishusha kiti, akaifungua ile leso kwa meno maana fundo lilikuwa limekaza. Akachukua kidole changu cha shahada akakiweka pale mkono unapopita ukifunga mguu. "Funga," akasema.

Nikafunga. Nililia kama mbuzi! Chuma kilikuwa na ncha, kilinifinya nyama pamoja na ukucha. Wajukuu wakakimbilia mlangoni kumwona mzee anayepiga yowe. Naye akaninyooshea kidole chake mwenyewe. Ukucha ulikuwa umeota umepinda, umegawanyika katikati.

"Wote wamefinywa," akasema. "Kila mwenye punda. Ndiyo tukafunga leso."

Viti vyote vile. Kyuso mpaka Mbumbuni. Nilihesabu vidole kichwani nikaacha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningemwambia nani? Abdi? Abdi alikuwa anauza sukari." Akaanza kuifunga tena ile leso mahali pake, taratibu. "Wewe hukurudi kuuliza."

Hakuna siku tangu hapo ambayo sijayasikia maneno hayo. Nilikuwa namkumbuka nikiwa mbali, kumbe yeye alikuwa mtoni akiningoja mimi, na kidole kimefungwa kitambaa.

Nilirudi nyumbani nikavaa tena aproni ya ngozi, mke wangu akadhani nimerukwa na akili. Nikatengeneza kiti kimoja. Mbao nyepesi, mito ya nyasi, mguu, unyayo wa ngamia. Kulabu niliikunja ncha kuelekea ndani, nikaisugua kwa tupa siku mbili, nikajaribu kidole changu, nikajaribu cha mke wangu bila kumwambia ni cha nini. Nikakifunga kwa gunia, nikawapa wana wa Abdi waliopita na lori.

Jumapili simu ikalia.

"Fundi, nimekiona."

"Umejaribu kulabu?"

"Nimejaribu. Na wajukuu wote wamejaribu. Haifinyi."

Nikasikia bomba likitiririka nyuma yake, na mtoto akiambiwa alifunge. Nikaogopa asije akasema ni nzuri sana. Nikauliza upesi.

"Na ubaya wake?"

Nikaisikia kulabu ikifungwa, ikafunguliwa.

"Ubaya wake ni mmoja tu, fundi. Kimechelewa."